Mzee wa Kwenye Kisiki

Kama wewe ni mtu wa kucheka usiyoyaona, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikuambiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyuma ya nyumba tunayopanga Beechmont, hapa Louisville, Marekani.

Mwanangu anayefanya kazi Buffalo alipata mchumba, binti wa kwetu, familia yake iko Columbus. Mjomba wa binti akapiga simu: "Mahari tumepokea. Bado upinde wa kuchongwa na baba wa kijana."

Bon, ndiyo desturi yetu. Lakini baba wa kijana tulimzika kambi ya wakimbizi, nani achonge? Nikasema nitachonga mimi. Mjomba akaguna. "Haya, mama. Lakini nitauvuta mwenyewe. Ukivunjika, binti haondoki."

Upepo ulikuwa umeangusha mwaloni mkubwa uani, na mwenye nyumba akanipa gogo. Nililipasua kwa shoka na kabari, vipande viwili vikakauka gerejini msimu wote wa baridi. Cha kwanza nilikichonga mviringo, kama baba yangu alivyochonga miti midogo ya kwetu. Kuuvuta upinde tu, kaa, ukavunjika! Nililia, sikufichi. Kilibaki kipande kimoja, na Jumamosi tunangojwa Columbus.

Asubuhi nimetoka kazini, nimekaa uani na kisu. Nikamwona mzungu mzee ameketi juu ya kisiki cha ule mwaloni.

"Taratibu, mama," akasema. "Huu si mti mdogo wa porini. Ona pete zake za miaka. Chagua moja upande wa mgongo, uifuate ncha hadi ncha, usiikate popote. Punguza tumboni tu."

"Tumboni ni wapi?"

"Upande unaokutazama ukivuta."

Nikafuata. Pete ikipanda, kisu kinapanda, ikishuka, kinashuka. Tukapiga stori, tukacheka. Niamini, moyo wangu haukuwa umetulia hivyo tangu nifiwe na mume wangu. Upinde ulipokamilika nikaingia kumletea chai. Kurudi, hayupo.

Jirani yangu Mrundi, aliyekuwa anaanika nguo, akaniita: "Mama, leo unaongea na kisiki?"

Hapo ndipo nilipokiweka kikombe chini, nikawaza. Kiingereza changu hakivuki salamu. Sasa tuliongeaje asubuhi nzima? Tuliongea Kibembe, lugha ya kwetu!

Mwenye nyumba alipopita, binti yangu akanitafsiria. Nikamweleza sura ya yule mzee, na yule mama wa watu akatoa picha kwenye simu, machozi yanamtoka. Ndiye. Baba yake, marehemu wa miaka mingi, aliyeupanda mwaloni ule.

Columbus, mjomba alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Upinde ukajikunja, ukarudi, mzima. Akavuta tena, akacheka. "Mchukueni mtoto wenu!" Wee, vigelegele!

Leo nina mjukuu. Kila asubuhi naweka chai juu ya kisiki, na jioni nakuta kikombe kitupu. Kindi? Labda. Sijawahi kumwona kindi anayependa tangawizi.

Nawe, ukipewa mti, uliza kwanza ni nani aliyeupanda, umshukuru. Usimsahau. Juzi mwenye nyumba alitaka kung'oa kile kisiki, nikamwambia hapana.

"Baba yako atakaa wapi?"