Nilivyofuata Boga la Bibi huko Mgeta

Mama alinituma Mgeta kufuata boga moja, tena si la kula. Bibi alifariki mwaka jana, na boga hilo ndilo la mwisho alilolipanda kwa mkono wake. Mjomba Pius alilihifadhi darini jikoni, kwenye moshi, ili wadudu wasiliguse. Vuli ilikuwa inanukia, na mama alikwisha kutengeneza matuta nyuma ya nyumba yetu, Mafiga. "Mbegu za mama ndizo hizo tu," aliniambia. "Uje nalo zima."

Ijumaa asubuhi nilipanda gari. Tulipoiacha Mlali barabara ikaanza kupanda, baridi nayo ikaanza, na mimi sweta nilikuwa nimeliacha kitandani.

Saa tano nilifika. Ukungu ulikuwa umeshuka, lakini nilimwona mjomba amesimama shambani na koti lake la harusi. "Shikamoo mjomba," nikasema. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nilianza kukasirika, maana sikuwa nimemkosea kitu, ndipo sauti ikatoka juu ya mparachichi.

"Marahaba. Hilo ni koti limejazwa nyasi. Mimi niko huku."

Alikuwa anachuma majani na kuyamwaga chini. Binti yake, Sesilia, alikuwa anayaokota na kuyapaka rangi ya chungwa iliyobaki walipopaka mlango. Alinieleza kwamba Ulaya miezi hii majani hupukutika, familia hupamba mashamba yao kwa maboga na sanamu za nyasi, na watu huja kupiga picha. Alikwisha kutangaza kwenye simu, na wageni wa mjini wangefika kesho yake.

"Lakini huku majani hayapukutiki," nilisema.

"Ndiyo maana tunayasaidia," alijibu mjomba kutoka mtini.

Maboga kumi na mawili yalikuwa yamepangwa kuanzia mlangoni hadi njiani. La kwanza, pale kwenye ngazi, jeusi kwa moshi, ndilo la bibi. Sesilia alisema lile lina sura ya kale. Nililidai, akanisihi niliache hadi wageni waondoke. Nikakubali, na kosa hilo ni langu.

Jumamosi, saa moja na nusu, nilikuwa naoga niliposikia kuni zikitupwa uani. Majirani walikuwa wamekuja na masufuria na visu. Kwao, mtu hatoi maboga yote nje bila shughuli, na jirani mwema hangoji kuitwa.

"Mmetuficha, lakini maboga tumeyaona," alisema Mama Anjela wa nyumba ya pili. "Ni posa ya Sesilia?"

Nilimsikia mjomba akikohoa. Kumwambia mtu aliyejitwika kuni kwamba chakula hiki ni cha kutazamwa, hata mimi nisingeweza. Mwishowe akasema, "Karibuni."

Nilipotoka, na povu masikioni, boga la bibi lilikuwa vipande sufuriani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, sioni haya kusema. Mama Anjela akaniletea ungo. "Nani anapika boga na mbegu zake? Hizi hapa, baba." Zilikuwapo kweli, zimechanganyika na za maboga mengine kumi na moja.

Saa sita wageni wa mjini waliwasili. Hawakukuta boga hata moja la kupiga picha. Walikula wakashiba, wakapiga picha na lile koti, wakampongeza Sesilia kwa uchumba. Akawashukuru, afanyeje.

Jumapili nilirudi Mafiga na mfuko mzima wa mbegu. Mama aliupokea, akatazama ndani, akaniuliza, "Za mama ni zipi?"

"Zimo humo."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alizipanda zote. Matuta yalipojaa akapanda chini ya kamba ya nguo, kisha mlangoni pa choo.

Safari hii imenifunza kwamba ukitumwa boga, lipakate siku ileile uliyolikuta. Funzo la pili nimelipata baada ya mvua, mbegu zilipochipua kila mahali na mche wa bibi usijulikane ni upi. Kila asubuhi mama akimaliza kumwagilia, huiamkia miche yote kuanzia matutani hadi chooni, nami namfuata nyuma na ndoo. Shikamoo bibi. Shikamoo bibi. Hakuna unaoitikia, na safari hii sikasiriki.