Kigae Nilichofunga Kwenye Leso

Ninyi vijana mnaonuniana kwa sababu mwenzenu amepata kadi ya chama na ninyi mmekosa, kaeni hapo mnisikilize. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini somo la wivu nimelimaliza.

Wanangu, nakumbuka mwanzo wa miaka ya sabini, nimeolewa hapa Keumbu. Mama mkwe wangu alikuwa muunga mifupa. Mtu akianguka mtini, au akiteguka kiuno kwa kubeba gunia la pareto, analetwa kwake. Alitufundisha wawili, mimi na Kemunto, mke wa shemeji yangu. Nilimtangulia kuolewa miaka minne. Nilichota maji ya kuwakanda wagonjwa kabla yeye hajajua njia ya mtoni. Halafu mama anamwambia mgonjwa, mbele yangu, "Ngoja Kemunto akushike. Huyu ana mkono unaosikia." Wangu ulikuwa kiziwi? Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo.

Wakati huo waunga mifupa wa upande wetu walikuwa wameunda chama. Wanafunzi nao waliwekewa nafasi: kadi yenye jina lako, kiti cha nyuma siku ya mkutano, na ruhusa ya kushika mgonjwa mwalimu wako akiwa karibu. Bila kadi ungebaki mchota maji. Na kila mwalimu aliingiza mwanafunzi mmoja tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa chungu kidogo kilichovunjwa ndani ya gunia. Unaingiza mikono bila kuchungulia, unaunga vigae kwa kupapasa, unavifunga kwa kamba ya mgomba, kisha unawaambia wazee wa chama hali ya chungu. Kwani mfupa ulio ndani ya nyama utauona?

Mama alivunja vyungu viwili, akampa kila mmoja wetu gunia lake. Kemunto alipokwenda kuchuma pareto, nilifungua gunia lake nikatoa kigae kimoja, upana wa ulimi wa ndama. Nikakifunga kwenye pindo la leso nikitupe njiani. Nitakitupa vipi? Siku ya mtihani, njia nzima Kemunto alikuwa ubavuni mwangu.

"Dada, naogopa. Wewe utapita, umekaa na mama zaidi."

"Muombe Mungu," nikamjibu. Nilisema hivyo, na kigae kinanigonga pajani.

Ilikuwa Jumapili, maana Jumamosi ndiyo Sabato yetu, wengi tuko kanisani. Mlangoni pa nyumba ya mkutano, mzee mwenyekiti wa chama akatuangalia. "Mgonjwa hachaguliwi," akasema. "Badilishaneni magunia."

Nikampa Kemunto langu, nikapokea lile nililolipunguza mwenyewe.

Niliunga. Ubavuni mwa chungu kidole changu kikaingia kwenye tundu. Jibu lilikuwa jepesi, hata mtoto angelitoa: kipande kimoja hakipo. Lakini niliona nikisema hivyo kitaanza kutafutwa, na leso ni yangu.

"Hali gani?" mzee akauliza.

"Kimetimia."

Akaingiza mkono wake. Akacheka, si kicheko kizuri. "Wewe utamwacha mtu na mkono uliovunjika, umwambie aende kulima."

Kemunto alipoulizwa alisema, "Kimetimia, ila mdomoni kuna ufa. Nimeushindwa." Wakampa kadi.

Tulipofika jikoni, mama mkwe, aliyetembea nyuma yetu, alishika pindo la leso yangu. "Njia nzima umeshika hapa kama mwenye jipu." Akafungua fundo mwenyewe. Kigae kikaanguka karibu na mafiga.

"Umeiba, hilo peke yake lina adhabu yake," akasema. "Kubwa zaidi, mkono wako ulisikia. Ulisikia tundu ukanyamaza. Angekuwa mtoto wa mtu?"

Kemunto alisimama hapo na kadi yake. "Dada," akasema, "ungeniambia tu jinsi unavyoitaka." Nilitamani anitukane. Huruma yake iliniunguza kuliko kadi.

Msidhani wivu ulinitoka siku hiyo. Mtoto wangu wa pili alipovunjika mkono, Kemunto ndiye aliyemuunga. Nilikuwa nikiupapasa mkono ule kila asubuhi nikitafuta kasoro. Sikuipata. Hata leo watu wakipita kwangu bila kusimama, wakielekea kwake, najua hesabu yao.

Kwa hiyo sikieni. Kumwonea mtu wivu kutakupata, wewe ni binadamu. Mwambie Mungu, au njoo uniambie mimi, lakini gunia lake usiliguse. Na ukisikia tundu, sema kuna tundu, hata kama wewe ndiye uliyelitoboa. Mungu awape mikono inayosikia, na midomo isiyouficha ukweli wa mikono hiyo.

Na nyumbani kwangu nimekwisha kutoa amri. Kigae kile kiko juu ya rafu ya jikoni, asikitupe mtu. Yeyote wa boma hili akiteguka au akivunjika, apelekwe kwa Kemunto kwanza. Na ndoo nileteeni mimi. Maji ya kumkanda nitachota mwenyewe.