Tarehe Mpya kwenye Ngao ya Kapteni

Mwanangu, Ijumaa ile ya mtaani Ntinda naikumbuka vizuri. Ilikuwa enzi za serikali ya jeshi, nami binti wa sekondari mwenye haya mpaka shajara ndiyo ilikuwa rafiki yangu mkubwa. Nimeifungua leo, ukurasa wa siku ile bado una alama ya kidole, rangi nyeupe.

Baba mdogo Ramadhani alikuwa na gereji ya magari ya mashindano, yale yanayokimbizana mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka. Kazi yangu ilikuwa ngao za giaboksi: bamba la chuma linaloizunguka, ili ikipasuka vipande visimkate dereva miguu. Kila mwaka ngao hufunguliwa, huoshwa kwa petroli, hugongwa kwa nyundo kusikiliza kama ina ufa, ndipo huandikwa tarehe mpya kwa rangi nyeupe. Na aliyeandika tarehe ndiye hukaa kando ya dereva siku ya kujaribu gari. Desturi yetu hiyo.

Ijumaa hiyo nilipewa ngao ya Kapteni, mwanajeshi aliyeshindana na gari lake kwetu; bolti zilikuwa zimeshika kutu, nguvu zangu hazikutosha. Mafundi walikuwa wanakunywa chai, wanataniana. Niliona haya kuwaita. Nikaingia chini ya gari, nikafuta tarehe ya zamani, nikaandika mpya. Sikufungua hata bolti moja.

Kesho yake asubuhi Kapteni akaja kujaribu gari, bastola kiunoni.

"Wewe musichana, ngao yangu iko sawa?"

Kiti cha kando kilikuwa wazi, kinaningoja.

"Haiko sawa, afande. Niliandika tu. Sikufungua."

"Ramadhani! Hii mutoto yako ilitaka kuniua?"

"Ilitaka, afande. Lakini imekataa."

Kapteni akaitazama miguu yake, kisha akacheka. "Basi fungua. Mimi nangoja."

Niliwaita mafundi, tukaifungua. Nyundo ilipogonga, chuma hakikulia, kilikoroma. Ufa wa urefu wa kidole.

Baba mdogo hakunipiga. Alinipa spana, akasema, "Umewaonea haya watu wanaokunywa chai, hukuona haya kuandika uongo?"

Tulifunga ngao nyingine. Nikaandika tarehe, nikakaa kiti cha kando bila kushika popote.

Mwanangu, kuona haya si kosa. Mimi naona haya hadi leo. Ila usikubali haya ikusainie kazi. Nguvu zisipotosha, ita watu. Ukiandika usichokikagua, kifute mbele yao, hata mwenye bastola akiwepo. Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji, na kila atakayeiamini kazi yako arudi kwao kwa miguu yake miwili.