Kopo la Baba Dirishani

Kitu cha kwanza anachokiona ni povu.

Saa mbili asubuhi, kwenye dirisha dogo la maabara ya kifua kikuu, msichana aliyevaa barakoa anainua kopo la plastiki kwenye mwanga. Juu linaelea povu jeupe, chini ni maji matupu.

"Mama, haya ni mate," anasema kwa sauti ndogo. "Naomba makohozi."

"Mwanangu, nimekohoa mpaka mbavu zinaniuma!"

"Pole, mama. Kasukutue kinywa, vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa."

Msichana huyu shule ya msingi hakuimaliza. Aliajiriwa kufagia, hadi fundi wa darubini alipomfundisha kupokea makopo na kupaka makohozi kwenye vioo. Wenzake humwita Bi Harusi, kwa kuwa huzungumza akitazama chini.

Ndani, fundi anamwaga rangi nyekundu kwenye kioo, anakipasha moto, anakisuuza kwa asidi, kisha anamwaga rangi ya buluu. Vijidudu vya kifua kikuu haviiachii ile nyekundu. Vinaing'ang'ania kama kupe.

"Lakini niletee mate uone," fundi anasema. "Nitakodoa macho mpaka yatoke, sitaona kitu. Jibu litatoka safi, na mgonjwa ataenda kufa na furaha yake."

Msichana hacheki. Mama yake alipewa jibu safi. Hakuna aliyemrudisha akakohoe tena. Dawa zilipokuja kuanza, maji yalishazidi unga.

Ukimuuliza anatamani nini, hataji cheo. "Kila kopo linalopita mkononi mwangu liseme kweli," anajibu, akichezea ncha ya glavu.

Mara foleni inasogea, na mbele ya dirisha anasimama baba yake. Ni fundi mwashi, lakini shati linamning'inia mabegani kama limeanikwa. Miezi yote hii ya kikohozi amekataa kupima. Leo shangazi amemkokota. Anasukuma kopo.

Povu.

"Shikamoo, baba. Haya... haya ni mate."

"Mzee karudishwa na bintiye!" mtu anacheka nyuma.

"Nimekuzaa mimi, leo unifundishe kukohoa? Pokea hilo hilo, niende zangu kazini."

Siku nyingine angeinama, akapokea. Leo anatoa kopo jipya. Anamnyooshea, na mkono haurudi.

"Mama alirudi nyumbani na jibu safi, baba. Tukashangilia."

Kicheko kinakatika. Mzee anachukua kopo, anazunguka nyuma ya jengo. Kikohozi kinasikika, kizito, kirefu, hadi foleni nzima inatazama chini.

Anaporudi, jasho linamtiririka. Msichana anainua kopo kwenye mwanga. Makohozi mazito, ya manjano, hayana povu.

"Hilo je?"

"Hili ndilo, baba." Anafunga kifuniko, na kwa mara ya kwanza anamtazama usoni. "Wakikukuta na ugonjwa, dawa utazimeza mbele yangu, kila siku. Unikasirikie, unigombeze, sawa tu. Mimi sina mzazi mwingine."