Fimbo ya Gia ya Babu Yako

Iko siku moja, mwanangu Kabula, ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto mpaka leo. Na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa umelala. Ulikuwa na miezi mitano na ulikuwa mzito kama debe la mtama.

Najua kutoa nasaha ni kazi ya wenye mvi, nami thelathini sijaifikia. Lakini Jumapili iliyopita nilikusikia uani ukicheka na wenzako, "Babu anatwanga, babu anatwanga," wakati babu yako akiondoa gari. Nilivua kandambili. Nikaitazama, nikaivaa tena, nikatafuta kalamu. Kwa hiyo kaa usikilize, kandambili bado iko mguuni.

Gari la babu yako unalijua, lile la mgongo wa kobe. Alilinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka lake hapa Shinyanga kwenda kuishi na wanawe, na hata siku hiyo lilikuwa zee. Fimbo yake ya gia ni ndefu. Inatoka sakafuni inapita goti, na kutoka gia ya kwanza kufika ya pili ni safari yenye kuaga. Mkono unasukuma mbele, unarudi nyuma, na bega linafuata. Ukimwona kwa nje, kweli ni mtu na mchi wake.

Majirani wa mtaa wetu wa Kambarage hawakuliacha hilo lipite. "Mzee Luhende, leo unatwanga nini?"

"Leo karanga," alikuwa akiwajibu. "Leteni bakuli."

Yeye alicheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa, na hasira zangu zilikuwa karibu kama maji ya mtungini. Kila neno la majirani nililiona ni tusi, tena tusi langu mimi.

Wakati huo baba yako alikuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, nami na wewe tukikaa kwa babu yako. Siku nilipokwenda kumwona, mnunuzi mmoja wa dhahabu alinipa lifti kutoka Geita. Gari lake nalo lilikuwa la zamani, lakini la kutamanisha. Fimbo yake ya gia ilikuwa fupi kama mwiko wa mboga, na bwana yule aliingiza gia kwa vidole viwili huku akinisimulia habari za mashimo. Nikamwuliza imekuwaje. Akaniambia fundi amelipandisha juu egemeo la fimbo, yaani pale inapopindia, kisha akaikata kichwani. Ukifanya hivyo mkono hauendi mbali.

Basi, mwanangu, njia nzima ya kurudi sikuwaza kingine.

Haikupita muda babu yako akaenda msibani Mwanza, akaniachia ufunguo wa gari. Kuendesha alinifundisha mwenyewe. Wewe nilikuacha mgongoni kwa jirani, nikalipeleka gari kwa fundi Shija, kule nyuma ya soko. Shija alilala chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono.

"Mwenye gari anajua?"

"Mwenye gari ni baba yangu."

"Sijauliza ni nani yako, dada. Nimeuliza kama anajua. Maana hii ukiifupisha, gia inakuwa nzito."

"Wewe kata," nikamwambia.

Na hapa ndipo ninapojicheka, maana hesabu ya nyenzo niliisoma kidato cha pili na nikaipatia vizuri tu. Mkono wa nyenzo ukiwa mrefu, nguvu inayotakiwa ni kidogo. Ukiwa mfupi, utajaza mwenyewe kwa misuli yako. Niliyajua hayo kwenye daftari. Kwenye gari la baba yangu sikuyakumbuka.

Shija akachonga bamba la chuma, akalipandisha egemeo, akaongeza ncha ya chini, akakata juu kipande kirefu kama mkono wako kutoka kiganja hadi kiwiko. Nikalijaribu gari mpaka stendi. Gia ikaingia tap, tap, bila bega kujua. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Babu yako alipofika nikampa ufunguo kama mtu anayetoa mahari. Akakaa kwenye usukani, akaitazama ile fimbo kwa muda, akaigusa kwa kiganja.

"Asante, ng'wanawane," akasema. Mwanangu, maana yake. "Umefanya kazi. Nitalijaribu kesho."

Kesho hakulijaribu. Kila Jumamosi babu yako alikuwa na safari moja tu, kwenda kijijini ng'ambo ya Kishapu kwa dada yake, shangazi Nkwimba, ambaye macho yalikuwa yamemzimika. Kule kiangazi hakina huruma. Babu yako alimpelekea madumu ya maji na kumpeleka zahanati, na basi halifiki mlangoni kwake. Jumamosi ya kwanza akasema mafuta hamna. Ya pili akasema kichwa kinauma. Ya tatu alikaa barazani akiipiga deki barabara kwa macho. Gari likaota vumbi.

Jumamosi ya nne akaja mama mmoja muuza kunde kutoka gulio la Mhunze, na ujumbe. Shangazi Nkwimba alikuwa amemtuma hivi: "Mwulizeni kaka yangu nimemkosea nini. Kama nimemkosea, aje anitukane, lakini aje."

Nilipandwa na hasira, Kabula, nisikufiche. Nikajua nimeelewa: mzee ameidharau zawadi yangu, na kwa kiburi chake anamnyima maji mama kipofu. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikaenda nawe hivyo hivyo, jua la saa nane, nikamkuta anapukuchua mahindi. Hata shikamoo sikumpa. Mtoto niliyefunzwa adabu na yeye mwenyewe, sikumpa shikamoo.

"Baba, kama gari hulitaki sema. Shangazi anakufa kiu kwa sababu ya maringo yako?"

Alipukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Akainuka.

"Mama Kabula," akasema. Na mimi kwake ni Mama Kabula pale tu ninapokuwa nimekosa. "Njoo kwenye gari. Mtoto usimweke chini."

Nikaingia kwenye usukani nawe ukiwa vile vile, kichwa chako kwenye kiwiko changu cha kushoto. Yeye akakaa pembeni.

"Washa. Kanyaga klachi. Sasa ingiza gia."

"Mkono una mtoto, baba."

"Naona. Ingiza kwa mkono huo huo. Usifumbe vidole. Sukuma kwa kiganja."

Nikasukuma. Ile fimbo fupi ikakaa kama kisiki. Nikasukuma kwa kifundo cha mkono, ikateleza. Nikajaza bega, gia ikashika nusu ikakwama, ukaamka ukalia, mguu ukaponyoka kwenye klachi, gari likaruka likazima. Nikabaki nimekumbatia mtoto anayelia na fimbo isiyosogea.

Babu yako akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka pajani pangu, kiganja juu.

"Wako umelala kwa sababu ya mtoto," akasema. "Wangu umelala tangu siku robota la pamba liliponiangukia kiwandani. Mtoto wako ameamka. Wangu haujaamka."

Nikautazama mkono ule. Vidole vitatu vilikuwa vimekunjika kidogo na havikufunga. Robota lile nalijua. Liliporomoka nikiwa shule ya bweni, wakatuandikia kwamba amepona, na nilipofunga shule nikaliona kovu, nikaridhika. Wahenga wamesema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini mimi nilidhani. Miaka yote ile nimepanda gari hilo nikikaa upande wa ule mkono, nikaiona fimbo kila siku, mkono sikuuona hata mara moja. Ile fimbo ndefu aliisukuma kwa kiganja tu, na bega lilifanya kazi ya vidole. Ndiko huko kutwanga.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nikalia kukuzidi wewe. Akaniacha nilie. Kisha akasema neno ambalo ndilo nililoshikia kalamu leo: "Wale wanaonicheka wamenicheka tu, gari likaenda. Wewe umenionea aibu, gari limesimama."

Akainama, akaingiza mkono wa kulia chini ya kiti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kaniki. Ni kile kipande cha fimbo, na kirungu chake juu, kimesuguliwa na kiganja mpaka kinang'aa. Siku ile ile aliyorudi alikuwa amekwenda kwa Shija akakiomba.

"Nilijua utakitafuta," akasema.

Shija alikichomelea siku hiyo hiyo, akalitoa na bamba lake. Hakunisema. Alinitazama tu, akacheka kimya kimya kama fisi aliyeshiba. Pale alipounga pamebaki na fundo, kama goti. Hilo goti umeliona, siku moja ukaniuliza ni la nini. Sikukujibu. Ndiyo hili jibu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, babu kwenye usukani, mimi na wewe pembeni, madumu nyuma. Shangazi Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujazima, uso ameuelekeza kwetu.

"Nimekusikia unabadilisha gia tangu lambo," akamwambia kaka yake. "Luhende, siku zote hizo ulikuwa unatwanga wapi?"

Babu yako akacheka mpaka akakohoa. "Mchi ulivunjika, dada. Umeungwa." Hakusema nani aliuvunja. Mpaka shangazi anaingia kaburini hakusema.

Sasa wewe, Kabula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimwona mtu mzima anafanya jambo kwa namna unayoiona ya kuchekesha, funga mdomo kwanza, tazama mkono wake. Ukitaka kumtengenezea, mwulize, tena mwulize yeye, si majirani zake. Na ukiwa na zawadi mkononi, jiulize kwa ukweli ni ya kumfaa yeye au ya kuficha aibu yako. Hasira unayo, umeirithi kwangu, sikulaumu. Lakini hata ukiwa nayo, toa shikamoo kwanza. Katika muda wa kungoja marahaba mtu anaweza kuona mengi.

Kesho akija babu, mpokee na kikapu chake. Kipokee upande wa kushoto, na usimwambie kwa nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na siku itakapolegea, akupe watoto wenye macho kuliko mama yako.