Mkono wa Tela

Pasikali alikuwa na pikapu moja, tela moja la magurudumu mawili, na mke mmoja, Immakulata. Mwaka tisini na sita, kabla ya mvua, mke alimfia.

Watu wa Heru Juu walimjua kwa kupeleka maharage Kibondo. Waliomjua zaidi walijua kwamba mwendeshaji ni mume, lakini mpakiaji ni mke. Magunia yakishapangwa, kabla tela halijafungwa kwenye ndoana ya pikapu, Immakulata alikaza kitenge, akaukumbatia ule mkono wa chuma wa mbele ya tela, akaunyanyua. Ukipanda kirahisi, alisema, "Nyuma kuzito. Litakutikisa mkia." Ukigoma, alisema, "Litakukalia. Usukani utakuwa mwepesi mpaka ushangae." Alitaka uzito wa nusu gunia, basi. Na nusu gunia hiyo aliipunguza kwenye bodi ya pikapu, maana mkono wa tela hubebwa na pikapu. Kwenye tela, magunia manne. La tano hakuna. Shule hakwenda. Alijifunza siku tela lilipopinduka Titye, wakaokota maharage kutwa nzima.

Matanga yalipoisha, binti yao Ininahazwe alisema, "Baba, uza gari. Nani atakupakilia? Sitaki kukuzika na wewe."

"Safari moja," Pasikali alijibu. "Ikiharibika, nauza."

Mzigo ulikuwa wa Hilali, mwenye duka Kasulu mjini. Alisimama pale akielekeza.

"Yale mazito weka nyuma kabisa, mzee Pasikali. Nikifika sokoni nishushe chapuchapu."

"Haya matano. Tela ni manne."

"Ah, mzee! Hilo moja nilibebe kichwani?"

Zamani kulikuwa na wa kumjibu Hilali. Waliweka matano, mazito nyuma. Hakuukumbatia ule mkono. Tangu mazishi aliuogopa. Aliuvuta kwa mkono mmoja tu ukaingia kwenye ndoana. Aliona ulivyokuja kirahisi, akauacha hivyohivyo.

Mteremko wa kwanza, tela likaanza kucheza. Kushoto, kulia, na mkia wa pikapu ukafuata. Mbele yao akina mama wawili walikuwa wanapanda na vikapu vya mihogo.

"Breki, mzee! Kanyaga breki!" Hilali alipiga kelele kando yake.

Pasikali hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, mpaka gari likachoka lenyewe. Akina mama wakapita wakiwaamkia, hawana habari.

Alishuka, akatia mawe kwenye magurudumu, akafungua ndoana. Akainama, akaukumbatia mkono. Ukapanda kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Tunashusha," alisema.

"Tunashusha? Na mimi?"

"Tuko wawili."

Walipanga upya: mawili mazito mbele ya ekseli, moja juu yake, moja nyuma.

"Na hili la tano?" Hilali aliuliza, shati limemganda mgongoni.

"Linabaki nyumba ile pale. Au unabaki nalo."

Hilali aliutazama mteremko uliosalia. "Libaki, bwana. Lina haraka gani."

Pasikali aliinama tena. Safari hii mkono ulimkaza tumboni, ukamlalia kifuani. Nusu gunia. Alikaa nao hivyo kupita ilivyohitajika. Hilali akageuka, akawa anajipangusa mikono.

Walifika Kibondo taratibu.

Jioni ya pili Ininahazwe alimkuta baba yake uani.

"Imeharibika?"

"Iliharibika kidogo. Nikaitengeneza."

Alitaka kumkumbusha ahadi yake. Kisha akaliona shati. Kifuani lilikuwa na grisi, mstari mmoja mnene, mahali palepale ambapo vitenge vyote vya mama yake vilikuwa na doa.

Alimvua baba yake shati hilo taratibu, akalitia kwenye beseni, akasugua kwa sabuni ya mche. Alijua doa halitoki.

"Kesho kutwa unapakia saa ngapi?" aliuliza, bila kuinua uso. "Nije niushike ule mkono."