Mafundo ya Bibi Keji

Nilipokuwa mtoto kule Dranya, mutu wa kwanza kuniambia kama kidimbwi inaweza kufunga mdomo ilikuwa bibi yangu Keji, mama ya baba. Sikilizeni nyinyi watoto wote, na hiyo beseni ya samaki yenu mukae mukiiangalia. Mimi hasira bado iko.

Wakati ya mvua, mto ikijaa, Bibi alikuwa anatembea kando yake mikono tupu, mimi nyuma. "Sasa ni wakati ya macho," anasema. "Mikono ingoje jua." Anaangalia mahali povu ndogo inapanda, mahali ndege inasimama tu haiondoki, mahali majani inatingisha na upepo hakuna. Hapo kambale anaingia kutaga. Bibi anafunga fundo kwa majani ndefu ya ukingo. Jua ikija, mto inakauka, vidimbwi tu inabaki. Wanawake wanafuata mafundo yake, na yeye ndiye anatia kikapu ya kwanza. Mbele yake, hakuna mutu.

"Mutu akivua wakati samaki iko na mayai," aliniambia, "mwenye maji, ile roho ya mto, anakasirika. Kidimbwi inafunga mdomo."

Baba mudogo Lodu, mtoto ya mwisho ya Bibi, alikuwa ametoka jeshi. Alicheka. "Mama, huyo mwenye maji iko na cheo gani? Nimpigie saluti?"

"Cheka tu. Kiangazi utacheka na njaa."

Mvua haijaisha, Lodu akafuata mafundo ya mama yake mwenyewe. Akamwaga dawa ya majani, ile inalewesha samaki. Niliona kambale kubwa wanageuka juu, tumbo imejaa mayai. Akajaza gunia, akapeleka soko ya Koboko. Nilikimbia kumwambia Bibi. Alikaa chini, akashika kichwa.

Kiangazi wanawake walishuka na vikapu, wanaimba. Bibi akatia kikapu: matope. Akatia tena: matope na chura moja. Kidimbwi ingine, hivyo hivyo.

Wimbo ikakatika. Mama moja akasema, "Wewe Keji, si ulisema itafunga? Ulijua namna gani? Ni wewe umefunga!"

Nikapiga kelele, "Ni Baba mudogo!" Mama yangu akaziba mdomo yangu na mkono. Na Lodu? Alisimama pale juu na viatu mupya ya soko, anaangalia miguu yake. Mtoto ya tumbo ya Bibi!

Tangu hapo kikapu ya kwanza walimpa mutu mwingine. Watu wakipita kwa mlango ya Bibi, wanavuta watoto karibu. Alikufa hivyo, na jina ya mchawi.

Mimi sikusoma. Kama maji iko na mwenyewe, sijui. Lakini ile mayai niliona na macho yangu. Ukila mama na watoto yake pamoja, kesho utavua nini? Bibi alisema kweli, na hiyo kweli ndiyo walimpigia. Mimi sijawasamehe.

Sasa nyinyi asubuhi munaniletea samaki kama kucha, mumevua na neti ya mbu, na mvua bado inanyesha! Nikasema, mukacheka. Cheko ya Lodu kabisa.

Kesho sisi wote tunashuka mtoni, mikono tupu, nitawaonyesha kufunga fundo. Anayetaka kuniita mchawi, aniite. Neti nimeshafua, imekauka. Ifungeni juu ya kitanda mahali yake, muingie ndani, mulale.